Kapiteni Joubert wa Moba: medayi yake ilitoka vita gani?

Hapa Kirungu, ukitaja Kapiteni Joubert mbele ya wazee, wanajua unasema juu ya nani: muzungu aliyesimama na bunduki mbele ya wakamataji wa watumwa. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba alikuwa na medayi ya vita, anawaza palepale kwamba walimupa kwa sababu ya Mpala na Mrumbi. Hapana. Ile medayi ilitoka Italia, kwa vita ya miaka makumi mbili mbele afike Afrika.

Léopold Louis Joubert alizaliwa tarehe 22 Februari 1842, Saint-Herblon, Ufaransa. Wakati ule Papa hakuwa tu mukubwa wa Kanisa. Alikuwa na inchi yake katikati ya Italia, yenye kodi na askari, na wale waliotaka kuunganisha Italia yote chini ya mfalme mmoja walikuwa wanaikata kipande kwa kipande. Vijana Wakatoliki wa inchi zingine wakaenda kumusaidia Papa Pio IX. Joubert alikuwa na miaka 18 tu. Tarehe 18 Septemba 1860, pale Castelfidardo, jeshi la Papa lilipigwa vibaya sana. Joubert alijeruhiwa, akakamatwa mateka.

Sasa njo pa kushangaza. Walishindwa, lakini Papa akatengenezea askari wake medayi mwaka ule ule. Inaitwa Pro Petri Sede, maana yake kwa ajili ya kiti cha Petro. Ni duara lenye msalaba katikati, na ule msalaba umesimama kichwa chini. Siku hizi mtu akiona vile atasema ni alama ya shetani! Sivyo. Mapokeo ya Kanisa yanasema Mtume Petro alisulibiwa kichwa chini, basi msalaba ule ni wake. Upande mwingine kuna maneno ya Kilatini kutoka barua ya kwanza ya Yohane: ushindi unaoshinda dunia ni imani yetu. Walioshindwa na bunduki walipewa medayi inayosema juu ya ushindi mwingine.

Joubert alirudi jeshini, akapanda mpaka kapiteni. Mwaka 1870 Roma ilianguka na ile inchi ya Papa ikaisha. Miaka kumi nyuma, Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Mapadri Weupe, alihitaji watu wa kulinda misafara yao kutoka pwani. Akawatafuta wale maaskari wa zamani wa Papa. Ndivyo Joubert alivyokuja Afrika mwaka 1880. Alirudi kwao kidogo, halafu mwaka 1887 akafika Mpala, katika boma ambalo Mbelgiji Émile Storms alilijenga na ambalo mapadri walikuwa wamelipokea mwaka 1885.

Vita yake ya huku haikufanana na ile ya Italia. Watu wa Rumaliza, mfanyabiashara mukubwa wa Ujiji, walikuwa wanachoma vijiji na kubeba watu. Mwaka 1888 vita ikazuka pwani, Wajerumani na Waingereza wakafunga bahari, na baruti ikakosa njia ya kufika ziwani. Joubert alifundisha vijana wa vijiji vya hapa, na ni hao walioshika bunduki usiku na mchana. Walisimama hivyo mpaka mwisho wa 1891, wakati Kapiteni Jules Jacques alifika na msafara wa Wabelgiji, akaanzisha kambi ya Albertville, jina ambalo Kalemie ilikuja kubeba. Nguvu ya Rumaliza ilivunjwa mwaka 1894.

Tusisahau kwamba mtu anayeitwa shujaa katika kitabu kimoja anaweza kuwa mwingine nyumbani kwa watu. Storms, yule aliyejenga boma la Mpala, mwaka 1884 aliagiza vita juu ya chifu Lusinga wa Watabwa. Lusinga aliuawa, na fuvu la kichwa chake likapelekwa Ubelgiji. Sanamu ya Storms iliondolewa Bruxelles mwaka 2022 tu. Joubert si Storms. Yeye alibaki: mwaka 1888 alioa Agnès Atakaye, binti wa huku, wakazaa, na alifariki hapa kwetu tarehe 27 Mei 1927, akiwa na miaka 85, macho hayaoni tena.

Lakini wale vijana wa Mpala na Mrumbi? Medayi ya 1860 haiwahusu. Wanaosimulia habari wanawaita tu "watu wa kapiteni", kama vile hawakuwa na baba wala jina. Wengine walikufa kwenye zile vita, na wajukuu wao wako kati yetu, kutoka Mpala mpaka Moba Port. Kama kwenu kuna nkambo ambaye bado anatajwa kwamba alibeba bunduki pamoja na Joubert, muulizeni bibi au babu angali hai, muandike jina, kijiji na ukoo, mulete redioni. Tutayasoma hewani moja moja.