Babu Alipogeuka Kijani

Leo sitawaletea hadithi ya sungura na fisi. Nataka kuwaeleza jambo lililonigharimu pesa zangu za chamcha za karibu wiki mbili, yaani jinsi ya kuchapa picha nyeusi na nyeupe kwa printa ya wino. Nasema hizi printa za kawaida zilizojaa katika saiba zetu, ambazo Mwalimu wetu wa Kiswahili hutuhimiza tuziite vichapishi. Atanisamehe, maana kule mtaani hata fundi mwenyewe huita printa.

Mambo yalianza hivi. Nyumbani kwa nyanya kuna picha moja tu ya marehemu babu. Ilipigwa studio mjini Nakuru mwaka wa 1968, na ukubwa wake ni kama postikadi. Babu amesimama wima, mkono mmoja kwenye kiti na mwingine umeshika kofia. Mimi sikumkuta duniani, kwa hivyo babu ninayemjua ni huyo wa picha. Desemba iliyopita ukoo ulipokutana, shangazi, ambaye ni kifungua mimba, alisema picha hiyo ni haki yake. Baba mdogo naye akadai kwamba yeye ndiye anayekaa na nyanya na kumtunzia shamba, hivyo picha haiondoki. Maneno yakawa makali. Nyanya hakusema lolote. Aliichukua picha akaificha ndani ya leso yake, na sote tukanyamaza kimya.

Ni hapo niliporopoka, "Msigombane, nitawatolea nakala tano, kila mtoto wa babu apate yake!" Kumbe nimejitia kitanzi.

Nilipiga ile picha kwa simu ya mama, nikaituma saiba kwa WhatsApp, nikalipa shilingi 100 ili ichapwe kwenye karatasi inayong'aa. Kwa pupa yangu niliitia ndani ya kitabu nikakimbia nayo nyumbani. Nyanya akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaiangalia, akanirudishia.

"Mjukuu wangu," akasema, "huyu si yeye. Mume wangu hakuwa kinyonga."

Nikatazama. Lo! Uso wa babu ulikuwa wa kijani. Shangazi aliangua kicheko, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini swali lilinikaa kichwani: picha yenyewe haina rangi, sasa hicho kijani kilitoka wapi?

Jibu nililipata kwa kumsumbua mwalimu wa fizikia na fundi wa saiba kwa zamu. Tuanze na picha ya zamani. Karatasi za studio za wakati ule zilipakwa chembechembe za chumvi ya fedha. Mwanga ukizipiga, kisha karatasi ikitiwa katika dawa, chembe hizo hugeuka kuwa fedha halisi, na fedha ikiwa laini namna hiyo huonekana nyeusi. Penye chembe nyingi pana giza, na penye chembe chache pana kijivu. Kwa hivyo kijivu cha shati la babu kimetengenezwa kwa kitu kimoja tu.

Printa ya wino haifanyi hivyo. Hiyo hurusha matone madogo ajabu. Tone moja huwa na kama pikolita 2 hadi 5 hivi. Ukichukua tone la kawaida la maji linalodondoka mferejini, unaweza kulikatakata ukapata matone kama milioni 10 ya printa. Printa nyingi za saiba zina wino wa aina nne: samawati, majenta (ule wekundu unaokaribia waridi), manjano na mweusi. Hakuna wino wa kijivu! Kwa hivyo printa ikitaka kijivu ina njia mbili. Ya kwanza ni kutumia wino mweusi peke yake na kuachanisha nukta ili weupe wa karatasi uonekane katikati. Ya pili ni kuchanganya samawati, majenta na manjano. Samawati hunyonya mwanga mwekundu, majenta hunyonya wa kijani, na manjano hunyonya wa bluu. Zikiwa sawia, kila mwanga unapunguzwa kiasi kile kile, na jicho linaona kijivu.

Mimi nilidhani ukichagua "nyeusi na nyeupe" kwenye tarakilishi, basi wino mweusi pekee ndio unaotumika. Si kweli! Mara nyingi maana yake ni kwamba picha imeondolewa rangi, lakini printa bado inaichapa kwa kuchanganya wino wa rangi. Inapenda njia hiyo kwa sababu kijivu hutoka laini zaidi.

Ubaya wake ni kwamba mchanganyiko huo ni kama mizani ya dukani. Wino mmoja ukipungua kidogo tu, mizani inalala. Majenta ikiziba, picha inakuwa ya kijani. Samawati ikiziba, inakuwa nyekundu nyekundu. Manjano ikikosekana, inaelekea bluu. Tena jicho halina huruma kwa kijivu. Chumvi kidogo ikizidi kwenye mchuzi huenda mtu asiseme kitu, lakini itie hiyo hiyo kwenye chai uone! Picha ya rangi ni mchuzi, na picha nyeusi na nyeupe ni chai.

Basi nilirudi saiba nikamwomba fundi achape ile karatasi ya kupima matundu ya wino. Kila printa ya namna hii ina mpango huo ndani yake, nao huchapa vistari vya kila rangi. Vistari vya majenta vilikuwa vimekatikakatika kama reli iliyong'olewa. Fundi akaamuru printa ijisafishe mara mbili, vistari vikakamilika. Ndugu msomaji, ukisahau yote katika makala hii, kumbuka hilo: pima matundu kabla ya kulipia karatasi ya bei.

Safari hii sikutumia picha ya simu. WhatsApp huibana picha ili ipite upesi, na mambo madogo madogo kama vifungo na nyusi hupotea. Nilibeba picha yenyewe ndani ya bahasha, ikawekwa kwenye skana kwa shilingi 50. Tuliisoma kwa nukta 600 kwa kila inchi. Ukichapa kwa nukta 300 kwa inchi, hapo unaweza kuikuza mara mbili upana na mara mbili urefu bila kuharibika. Tuliisoma kwa rangi pia, ingawa ni nyeusi na nyeupe. Sababu mtaiona.

Nakala ya pili ikatoka. Shilingi 100 nyingine hiyo. Pale saiba, chini ya taa, ilikuwa kijivu safi kabisa. Nikaenda nyumbani nikiimba. Nyanya akaipeleka pale pale mlangoni pake. Jamani! Babu amekuwa wa zambarau. Nikairudisha chini ya taa ya saiba, ikawa kijivu tena. Nilidhani nimerogwa.

Mwalimu wa fizikia alicheka sana. Alinieleza kuwa mwanga wa taa na mwanga wa jua haufanani ingawa yote huonekana myeupe. Kila mmoja una sehemu zake za nyekundu, kijani na bluu kwa vipimo vyake. Kijivu kilichotengenezwa kwa rangi tatu kinaweza kuwa sawia chini ya taa moja na kulala upande chini ya nyingine. Fedha ya picha ya studio haina shida hiyo kwa sababu ni kitu kimoja. Kwa hivyo picha ihukumiwe mahali itakapotundikwa. Nyanya, ambaye hakusoma fizikia hata siku moja, alikuwa amejua hilo tangu mwanzo alipoenda mlangoni.

Kwa hasira nikaamua kutumia wino mweusi pekee kwenye karatasi ya kawaida, shilingi 20. Rangi zote zikapotea, lakini mashavu ya babu yalikuwa kama yamenyunyiziwa pilipili manga. Nukta za wino mweusi zikiachanishwa sana, jicho huziona. Tena koti lake jeusi lilitoka limepauka, kwa sababu karatasi ya kawaida hunywa wino ukazama ndani.

Msidhani ni mimi tu niliyehangaika. Mwanamuziki Mwingereza Graham Nash, ambaye pia ni mpiga picha, alianzisha pamoja na mwenzake Mac Holbert karakana ya kuchapa picha kwa wino huko California, Marekani, mwaka wa 1991. Walitumia mashine iliyoitwa Iris, ambayo ilikusudiwa wachapishaji waonje rangi kabla ya kuchapa kwa wingi. Na mwaka wa 2005 kampuni ya Epson ilitoa wino wenye weusi wa namna tatu kwa pamoja: mweusi kabisa, hafifu, na hafifu zaidi. Printa ya aina hiyo hupata kijivu chake kutoka kwa wino wa kijivu, kwa hivyo haiyumbi sana. Lakini printa hizo ni ghali, na saiba yetu haina.

Sasa nilifanyaje? Mambo matatu.

Kwanza, karatasi. Wahenga walisema vyote ving'aavyo si dhahabu. Katika printa ya saiba yetu, wino mweusi ni wa kuchapia maandishi, na haushiki vizuri kwenye karatasi inayong'aa. Ukiiambia printa kwamba umeweka karatasi hiyo, inauacha kabisa na kutengeneza hata weusi kwa rangi tatu. Tulichukua karatasi nene ya picha isiyong'aa, tukaiambia printa ukweli kuhusu karatasi hiyo, na tukachagua ubora wa juu. Hapo wino mweusi ukafanya kazi yake kwenye koti, na rangi zikabaki kulainisha mashavu.

Pili, ile skani ya rangi. Tulipoifungua kwenye tarakilishi niligundua kitu ambacho macho yangu yalikuwa yakikipita kila siku: picha ya nyanya haikuwa nyeusi na nyeupe hata kidogo! Ilikuwa na ukahawia mwepesi wa chai ya rangi. Basi kwa nini nihangaike kutafuta kijivu ambacho hata yenyewe haina? Tulitia ukahawia kidogo kwa makusudi. Faida yake ni mbili. Nakala inafanana na picha ya nyumbani, na mizani ikiyumba kidogo jicho halishtuki, maana tayari linatarajia rangi.

Tatu, kupima kabla ya kukata. Badala ya kuchapa picha nzima na kubahatisha, tulikata uso wa babu tu, tukaupanga mara 6 kwenye karatasi moja, kila uso na ukahawia wake. Shilingi 100 zikanipa majaribio 6. Nikayaandika nambari nyuma, nikamwachia nyanya mlangoni. Alichukua muda mrefu. Akaweka kidole kwenye nambari 4.

"Huyu namjua," akasema.

Kufikia hapo nilikuwa nimetumia shilingi 370, na kwa shilingi 40 za chamcha kwa siku, mwajua wenyewe tumbo langu lilivyonguruma. Zile nakala tano zilipochapwa, shangazi na baba mdogo ndio waliolipa, nusu kwa nusu. Sijawahi kuwaona wakigawana kitu bila kelele.

Fundi aliniuliza kama ningependa tarakilishi iijaze ile kona ya chini iliyoliwa na unyevu, pale ambapo kiatu kimoja cha babu kimepotea. Siku hizi kazi hiyo ni ya dakika mbili, na kiatu kinatokea kama kweli. Nilimuuliza nyanya. Alikataa katakata. "Usimvishe kiatu ambacho hakuvaa." Kwa hivyo babu ana kiatu kimoja katika nakala zote tano.

Kabla sijamaliza, haya pia yafaa kukumbukwa. Haraka haraka haina baraka: acha picha ikauke siku nzima kabla ya kuitia kwenye fremu, kwa kuwa wino mbichi hubadilika na unyevu wake hufanya ukungu kwenye kioo. Usiitundike penye jua, kwani mwanga na hewa hula wino, hasa ule wa maji ya rangi. Wino wa chembe hustahimili zaidi. Picha asili yenyewe iwekwe kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu penye giza. Ya nyanya sasa iko sandukuni mwake.

Na skani nyuma ya picha pia. Nyuma ya yetu kulikuwa na mhuri wa studio na mwaka, na maneno mawili ya penseli ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma ila nyanya. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliyachapa nyuma ya kila nakala. Maneno yenyewe sitawaambia. Hayo ni ya nyanya.

Wino umeniishia, wasomaji wapendwa, na bei yake mmeisikia. Kwaherini.