Kuitembelea Miji ya Mlima Kenya

Mwenda bure si mkaa bure, walisema wazee. Lakini wengi wetu tukaao chini ya Mlima Kenya husafiri kwa haja tu: kupeleka viazi sokoni, kufuata hati ya shamba, au kwenda mazikoni. Wageni huvuka bahari kuja kuitazama miji yetu, na sisi twaipita kama tuupitavyo mti wa njiani. Matembezi haya hayahitaji mwongozaji wala fedha nyingi. Yahitaji nauli ya matatu, sweta na siku mbili.

Yafaa kuanza Nyeri asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajauficha mlima, ambao kilele chake kina urefu wa meta 5,199. Katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro amelala Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki hapa Nyeri tarehe 8 Januari, 1941. Juu ya jiwe la kaburi lake limechorwa duara lenye nukta katikati. Kwa maskauti, alama hiyo maana yake ni, "Nimekwenda nyumbani."

Katika mji huu huu Dedan Kimathi alihukumiwa mwezi wa Novemba, 1956. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari, 1957, na kaburi lake halijulikani mpaka leo. Basi aliyetoka ng'ambo ana kaburi la kuzuriwa, na mzaliwa wa Nyeri hana. Mzazi na ampeleke mtoto wake kanisani hapo, kisha amsimulie habari za wote wawili. Mtoto atauliza sababu, na jambo linaloulizwa halisahauliwi upesi. Baadaye wapitie Makumbusho ya Nyeri, huko Ruringu, katika jumba lililokuwa mahakama ya wenyeji zamani za ukoloni.

Siku ya pili, panda matatu ya Nanyuki kwa njia ya Kiganjo na Naro Moru. Karibu na kuingia mjini, mstari wa Ikweta hukata barabara. Hapo utamkuta mtu mwenye chombo kilichotobolewa, akionyesha maji yakizunguka kuume upande mmoja wa mstari, na kushoto upande wa pili. Kwa hakika mzunguko wa dunia hugeuza tufani kubwa za baharini. Chombo kile ni kidogo mno, na maji hufuata jinsi yalivyomiminwa. Mpe ahsante kwa ustadi wake, lakini somo lake liache hapo hapo.

Mwenye siku ya tatu na apande Timau, penye mashamba ya ngano, ashuke Meru, kisha arudi kwa njia ya Chuka, Embu na Karatina. Hapo atakuwa ameuzunguka mlima wote, na kuuona kwa pande ambazo jirani zake hawazijui.

Ulizeni nauli kabla ya kupanda, na kila mji mwulizeni mzee mmoja habari za zamani. Wazee hao wanapungua kila mwaka.