K Ni Moja Tu Mfukoni: Vinara wa Scrabble kwa Mchezaji wa Likasi

Mfuko wa Scrabble ya Kifaransa una vigae 102. E ziko 15, A ziko 9, I ziko 8. K ni moja tu. W nayo moja, Y moja, Z moja, na kila moja kati ya hizo ina pointi 10. Kwa mtu aliyekulia Kikula au Panda, hapa Likasi, huku akizungumza Kiswahili kutwa nzima, mpangilio huu unachekesha. Herufi anazozitumia bila kufikiri, za kuku, kazi, wiki na ziwa, Wafaransa wamezihesabu kuwa adimu na kuzipa bei ya juu kuliko zote. Hata jina la Kikula haliandikiki kwa vigae vya kawaida: lina K mbili, na ya pili ingebidi iwe kigae kitupu.

Nianze na K hiyo, maana ndiyo yenye rekodi ninayoipenda kuliko zote, ingawa hakuna aliyeisajili popote. Neno KA lina herufi mbili na Kifaransa cha Scrabble kinalikubali. Tuseme kuna mraba wa kuzidisha herufi mara tatu, na A mbili zinapakana nao, moja kulia kwake, nyingine chini yake. Mtu akiitua K hapo, anasoma KA kwa mlalo na KA kwa wima. K inakuwa 30, A ni 1, jumla 31, nayo inahesabiwa mara mbili. Kigae kimoja, pointi 62. Mwenzako anaweza kuhangaika dakika nzima kutunga neno la herufi sita lenye mapambo yake, asifike hata nusu ya hapo.

Anayejiandaa kwa mashindano ya Jumamosi na Jumapili hupenda kusikia habari za vinara, na habari hizo hazikosekani. Tatizo ni kwamba zinazosimuliwa sana ndizo zenye faida ndogo kwa mchezaji. Nimezipanga hapa kwa uzito ninaouona mimi.

Pointi 392 kwa zamu moja

Aprili 1982, mjini Manchester, Karl Khoshnaw aliweka neno CAZIQUES, jina la machifu wa asili wa visiwa vya Karibi, akaondoka na pointi 392. Katika mashindano ya Kiingereza, hiyo ndiyo namba inayotajwa kila mara watu wakiuliza neno moja limewahi kufika wapi.

Ifuate hesabu yake. Vigae vyenyewe vina jumla ya 28. Q, yenye 10 katika Kiingereza, iliangukia mraba wa kuzidisha herufi mara mbili, jumla ikapanda hadi 38. Neno liligusa miraba miwili myekundu ya ukingoni, na kila mmoja unazidisha neno zima mara tatu. Tatu mara tatu ni tisa, na 38 mara 9 ni 342. Ongeza 50 za kumaliza vigae vyote saba kwa zamu moja, unapata 392.

Lakini neno hili lina herufi nane na mchezaji hushika saba. Ya nane ilikuwa tayari imekaa ukingoni, katikati ya miraba miwili myekundu, ikimngoja mtu. Rekodi za namna hii huhitaji mkono wa bahati na ubao ulioachwa wazi. Mwenye kulinda ukingo wake haingii katika vitabu vya rekodi, wala mpinzani wake haingii.

Seremala, mfanyakazi wa dukani na pointi 1,320

Tarehe 12 Oktoba 2006, katika klabu iliyokuwa ikikutana kwenye chumba cha chini cha kanisa huko Lexington, Massachusetts, Michael Cresta alimshinda Wayne Yorra kwa 830 dhidi ya 490. Cresta alikuwa seremala, Yorra mfanyakazi wa supamaketi. Hakuna kati yao aliyehesabiwa kuwa bingwa. Kwa mchezo huo mmoja waliivunja rekodi ya Marekani ya pointi za mchezaji mmoja, ya jumla ya wachezaji wawili na ya zamu moja.

Zamu yenyewe ilikuwa QUIXOTRY, pointi 365, na hesabu yake ni ndugu wa ile ya Manchester: X ilikaa kwenye mraba wa kuzidisha mara mbili, halafu neno likazidishwa mara tisa. Katika mchezo huohuo Cresta aliweka FLATFISH kwa 239. Zamu mbili zikampa 604 kati ya 830. Zamu zake nyingine zote ziligawana zilizobaki.

Mimi humwonea huruma Yorra. Pointi 490 humpa mtu ushindi karibu kila siku ya maisha yake. Yeye zilimpa nafasi ya pili katika hadithi ya mtu mwingine.

Miaka michache baadaye, Januari 2012, Toh Weibin wa Singapore alifika 850 mjini Belfast, mpinzani wake akabaki na 259. Tofauti ya pointi 591! Mchezo wa namna hiyo hauna cha kumfundisha mtu isipokuwa uvumilivu wa yule aliyekaa upande wa pili.

Aliyeshinda kwa lugha asiyoisema

Hapa ndipo ushujaa ulipo. Nigel Richards ni raia wa New Zealand anayeishi Malaysia, na alikwisha kuwa bingwa wa dunia wa Kiingereza mara kadhaa alipoamua kuifungua kamusi ya Scrabble ya Kifaransa. Kifaransa hakijui. Aliisoma kamusi hiyo, yenye maneno zaidi ya 380,000 ukihesabu wingi na minyambuliko ya vitenzi, kwa muda wa wiki kama tisa. Julai 2015 akaenda Louvain-la-Neuve, Ubelgiji, akatwaa ubingwa wa dunia wa Kifaransa wa mmoja dhidi ya mmoja. Katika fainali alimfunga Schélick Ilagou Rekawe wa Gabon, mtu aliyesoma na kuishi kwa Kifaransa.

Waliosema ni bahati walinyamaza mwaka 2018 aliporudia. Novemba 2024 huko Granada akatwaa ubingwa wa dunia wa Kihispania, lugha nyingine asiyoisema, akipoteza mchezo mmoja tu kati ya 24.

Watu wanasimulia pia baiskeli yake. Alipokuwa bado mgeni katika mashindano ya kwao, aliendesha usiku kutoka Christchurch hadi Dunedin, akacheza, akashinda, akapanda baiskeli kurudi nyumbani. Kwenda tu ni zaidi ya kilomita 300. Likasi hadi Lubumbashi ni kama 120, na watu wanafika kwa basi wakilalamika mgongo.

Kwa Mkongo habari ya Richards ina utamu wa pekee. Tumezoea kuambiwa kwamba Kifaransa kizuri ni cha Mfaransa, kwamba lafudhi yetu inatusaliti, kwamba aliyesoma shule ya mbali ndiye anayekijua. Mezani hayo yote hayana kazi. Kinachohesabiwa ni kama neno limo katika Officiel du Scrabble, kitabu cha Larousse, au halimo. Mwalimu wa Shituru na mwanasheria wa Brussels wanafungua ukurasa uleule.

Perth, 2015: neno la herufi tano

Mwaka huohuo wa 2015, mwezi Novemba, Wellington Jighere wa Nigeria alimshinda Lewis Mackay wa Uingereza michezo minne kwa bila katika fainali ya dunia ya Kiingereza mjini Perth, Australia. Akawa Mwafrika wa kwanza kuupata ubingwa huo, na Rais Muhammadu Buhari akampigia simu ya pongezi.

Neno linalokumbukwa kutoka fainali hiyo ni FELTY. Herufi tano, pointi 36. Mbele ya 392 ya Khoshnaw linaonekana kama mtoto. Lakini ndilo lililoambatana na ubingwa wa dunia, na nyuma yake kuna mbinu ambayo Wanaijeria walikuwa wameifanyia kazi kwa muda mrefu: kutokimbilia kila mara neno refu hata ukiwa nalo. Neno la herufi nne au tano hukuachia vigae vizuri kwa zamu ijayo, na halimfungulii mpinzani njia ya kufika ukingoni. Pointi 50 za vigae saba ni tamu, lakini ukizifukuza kila zamu unamkaribisha mwenzako mezani kwako.

Kwa mashindano ya siku mbili, mimi ningemfuata Jighere kabla ya kumfuata Khoshnaw. Mchezaji huhitaji michezo kadhaa ya ushindi wa pointi 20 au 30, si mmoja wa 500 na mitano ya kichapo.

Pesa na madini ya jirani

Sasa meza ya nyumbani, kwa bei za Kifaransa. FRANC, pesa yetu, ina pointi 10. ZAIRE, pesa tuliyoiaga mwaka 1998, ina 14, kwa hiyo marehemu anamzidi aliye hai. KWACHA ya Zambia, ambayo kila anayepita Kasumbalesa anaijua, ina 29. KWANZA ya Angola ndiyo tajiri kuliko zote: 33. Iweke katika wingi, KWANZAS, kama neno la kwanza la mchezo, K ikae kwenye mraba wa kuzidisha mara mbili: 44 mara mbili kwa sababu ya katikati ya ubao, ongeza 50, pointi 138 kabla mpinzani hajagusa kigae.

Madini yanatuangusha. COBALT ni 10, sawa na faranga. CUIVRE ni 11. URANIUM, ambayo mgodi wa Shinkolobwe ulio karibu na Likasi uliitoa kwa ubora ambao dunia haikuwa imewahi kuuona, na ikaenda kutengenezea bomu la Hiroshima mwaka 1945, ina pointi 8 tu. Kinachoiokoa ni urefu wake: herufi saba kamili, kwa hiyo ina zile 50. Kama neno la kwanza, ikikaa vizuri, inafika 70. Nusu ya zile za KWANZAS, na kidogo tu zaidi.

Majina ya mahali hayaruhusiwi, lakini nasema hivi kwa udadisi: JADOTVILLE, jina la zamani la Likasi, ingekuwa na 21, LIKASI 15. Jina la mkoloni linapata nyingi kwa sababu ya J yake.

Vingine kwa haraka

Ubao mkubwa ajabu uliwahi kutandazwa katika uwanja wa Wembley mwaka 1998, Scrabble ikitimiza miaka 50: mita 30 kwa 30, wanajeshi wa Uingereza wakibeba herufi mikononi. Ombi la aibu kuliko yote lilitolewa Warsaw mwaka 2011, kwenye mashindano ya dunia, kigae cha G kilipopotea na mchezaji mmoja akataka mwenzake apelekwe chooni kupekuliwa. Waamuzi walikataa. Ubingwa wa dunia wa Kiingereza ulikanyaga ardhi ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2017, mjini Nairobi, na mshindi alikuwa Akshay Bhandarkar. Wa Kifaransa ulikuwa umeshafika Dakar mwaka 2008.

Namna inayoiua bahati

Mwaka 1972 mwanasheria wa Ubelgiji, Hippolyte Wouters, aliona kwamba mchezo wa wawili unaiachia bahati nafasi kubwa mno, akabuni namna iitwayo duplicate. Ukumbi mzima, wawe watu 10 au 1,000, unapewa herufi zilezile saba. Kila mtu anaandika kwenye kikaratasi neno lenye pointi nyingi analoliona, muda ukiisha mwamuzi anakusanya. Kila mmoja anapata pointi za neno alilopata mwenyewe. Kisha neno bora linawekwa kwenye kila ubao, na wote wanaendelea kutoka hapo. Hakuna wa kumlaumu. Ukishindwa, jirani yako alikuwa na K ileile.

Naipenda namna hii kwa mji kama wetu kwa sababu ya gharama. Mwamuzi mmoja mwenye mfuko, kamusi moja, ubao mkubwa ukutani, na vikaratasi. Wasio na seti za kutosha wanaweza kuchora ubao kwenye daftari, miraba 15 kwa 15.

Neno la mwisho ni kwa waandaaji na wachezaji. Tunaijua QUIXOTRY ya mwaka 2006 kwa sababu mchezo ule wa chumba cha chini cha kanisa uliandikwa na kuhifadhiwa. Wikiendi ijayo mtu akiweka kitu kikubwa Likasi, msiishie kupiga makofi. Andikeni tarehe, ukumbi, neno, mraba lilipoanzia na hesabu yake, wachezaji wote wawili na mwamuzi watie sahihi, na mmoja wenu aitunze karatasi hiyo nyumbani, mahali pakavu.