Indiketa ya Pikipiki Inapopepesa Haraka Mno: Sababu Yake na Namna ya Kuirekebisha

Makatekista wetu wengi na vijana wa bodaboda wanaondoa globu za kawaida kwenye indiketa za pikipiki na kufunga za LED. Uamuzi huo ni mzuri, kwani taa hizo hung'aa zaidi, hudumu na hazichoshi betri. Lakini mara tu zinapofungwa, indiketa huanza kupepesa mbiombio, na mwenye pikipiki husema: mradi inawaka. Hoja hiyo haitoshi.

Indiketa ni neno tunalomwambia anayetufuata nyuma. Dereva wa lori anayeshuka mteremko jioni hana njia nyingine ya kujua kwamba katekista aliye mbele yake anakata kulia kuelekea kigangoni. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu taa za pikipiki zinataka ishara hiyo ipepese kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Washa indiketa, hesabu kwa sekunde 15: ukipata zaidi ya 30, kuna kazi ya kufanya.

Sababu yenyewe ni nyepesi kueleweka. Kupepesa huko huongozwa na kifaa kidogo kiitwacho rilei, ambacho mafundi wengi hukiita flasha. Globu mbili za wati 10 upande mmoja hula wati 20. Globu moja ikiungua, mzigo hupungua nusu, na rilei nyingi zimetengenezwa ili zipepese haraka hapo, zikimwonya mpanda pikipiki. Sasa LED mbili kwa pamoja huenda zisifike hata wati 4. Rilei hudhani kwamba globu zimeungua, nayo hupiga kelele kwa uaminifu wake wote. Rilei nyingine, hasa za zamani, hugoma kabisa: taa huwaka bila kupepesa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, zunguka pikipiki utazame taa zote nne. Ikiwa kasi ipo upande mmoja tu, pengine taa moja haiwaki kweli, au waya wake umelegea au umeshika kutu. LED pia ina chanya na hasi. Ikifungwa kinyume haiwaki.

Zote zikiwa nzima, dawa bora ni kubadilisha rilei na kuweka ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa ajili ya LED, isiyojali ukubwa wa mzigo. Zima pikipiki, fungua waya wa hasi wa betri kwanza, kisha itafute rilei chini ya kiti, ubavuni au nyuma ya taa kubwa. Kabla ya kuichomoa, andika waya upi uko wapi. Herufi B huonyesha umeme unaotoka kwenye betri, L unaokwenda kwenye taa, na E, kama ipo, waya unaoungwa kwenye hasi au chasisi. Hakikisha herufi za rilei mpya zinalingana na nyaya zako, maana mpangilio wa pini hutofautiana, na rilei za kielektroniki hazikubali kugeuzwa.

Wapo wanaofunga rezista badala yake, yaani kifaa cha kula umeme ili rilei idanganyike. Inafanya kazi: kwa LED ya wati 2 iliyochukua nafasi ya globu ya wati 10, rezista ya ohm 18 yenye uwezo wa wati 25 inatosha, ikiungwa kati ya waya wa indiketa na hasi, moja kwa kila taa. Lakini huwa ya moto sana, hivyo ifungwe kwenye chuma, mbali na plastiki, nyaya na tangi la mafuta. Mimi siipendi, tulinunua LED ili kuokoa umeme, kisha tunauchoma bure.

Tatizo moja huwakatisha tamaa wengi. Baada ya rilei mpya, ukiwasha kushoto zinapepesa zote nne. Hapo indiketa inavunja Amri ya Nane, kwa kutoa ushuhuda wa uongo pande zote mbili! Chanzo ni kitaa kimoja cha dashibodi kilichoungwa kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Umeme hupenya humo na kuziwasha LED za upande wa pili. Ondoa nyaya zake mbili, pitisha kila mmoja kwenye daiodi (1N4007 inafaa), mstari wa daiodi ukielekea kwenye kitaa. Ziunganishe daiodi hizo kwenye ncha moja ya kitaa, na ncha ya pili uiunge kwenye hasi. Funga maungio vizuri kwa utepe wa umeme.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inauweka usalama wa barabarani chini ya Amri ya Tano, na mwaka 2007 Vatikani ilitoa mwongozo mzima wa kichungaji kuhusu barabara. Kazi hii, basi, inastahili saa moja ya Jumamosi.

Mjue pia kwamba rilei mpya haitawaonya tena taa ikifa. Itapepesa kwa mwendo uleule. Kabla ya safari ya kigangoni, washa kushoto, kisha kulia, ushuke uzitazame zote nne kwa macho yako.