Ustaarabu Uliojengwa kwa Kuhama

Mlango wa boma la Kochieng ulijengwa mfupi makusudi. Mtu mzima hawezi kuupita akiwa wima. Lazima ainame, atangulize kichwa, na kwa sekunde hizo chache hana namna ya kurusha mkuki wala kuinua ngao. Kwa ndani, karibu na mlango, walikaa walinzi. Aliyekuja kwa heri aliinama akapita. Aliyekuja kwa shari naye aliinama, ila hakuwa na hakika ya kuinuka.

Kochieng ni moja kati ya maboma manne makuu ya mawe ya Thimlich Ohinga, pamoja na Kakuku, Koketch na Koluoch. Yako Nyatike katika Kaunti ya Migori, kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, kwenye nchi ya vilima na vichaka vya miiba isiyo mbali na Ziwa Victoria. Wanaakiolojia wanakadiria kwamba yalianza kujengwa karne ya 16. Kuna mahali kuta zinapita mita 4 kwa kimo, na unene wake ni kati ya mita 1 na 3. Hazina saruji, hazina chokaa, wala mawe yake hayakuchongwa. Mwaka 2018 UNESCO ilizitia katika Orodha ya Urithi wa Dunia, zikawa hazina ya saba ya Kenya kupewa hadhi hiyo, baada ya Mlima Kenya, Turkana, Mji wa Kale wa Lamu, makaya ya Wamijikenda, Fort Jesus na maziwa ya Bonde la Ufa.

Mwanafunzi wa Kisumu akifundishwa jinsi ustaarabu wa kale ulivyoinuka na kuanguka, husomeshwa Misri, Roma na Wamaya. Masimulizi hayo yana mwendo mmoja: anatokea mfalme, mji unakua, unafikia kilele, kisha ukame au adui unaingia na magofu yanabaki. Pwani ya Kenya ya Ziwa Victoria haiingii vizuri katika mwendo huo, na si kwa sababu watu wake hawakujenga. Walijenga sana. Tofauti ni kwamba hapa kuhama kulikuwa sehemu ya ujenzi wenyewe, na asiyelijua hilo atakiona kila kiambo kilichoachwa kuwa dalili ya maangamizi.

Ukuta wa ohinga, yaani boma la mawe, kwa kweli ni kuta mbili zilizobanana. Uso wa nje na uso wa ndani ulipangwa kwa mawe makubwa, kila jiwe likichaguliwa kwa umbo lake ili lilalie barabara yale yaliyo chini yake. Katikati pakajazwa mawe madogo yaliyoziba mianya na kuzishika nyuso zote mbili. Ukuta haukunyooka. Ulipinda huku na huku, na mipindo hiyo ndiyo iliyoupa uthabiti, kwa kuwa ukuta mrefu ulionyooka na usio na kiunganishi huanguka upesi zaidi. Palipohitaji nguvu zaidi, mafundi waliegemeza viegemeo vya mawe. Juu ya milango walilaza mabamba mapana ya mawe yabebe uzito, na chini ya kuta wakaacha matundu ya kutolea maji ya mvua.

Jengo la aina hii linadai watu kila msimu. Mzizi wa mti ukipenya, ng'ombe akijikuna, mvua ikilainisha ardhi, jiwe moja hutoka. Lisiporudishwa, la pili hulifuata, kisha pengo huwa pana na upande mzima hulala chini. Maboma haya yameishi karne nne kwa sababu kizazi baada ya kizazi kilikuwa na sababu ya kuyaokota mawe na kuyarudisha mahali pake. Historia ya kuinuka na kudidimia kwake imo humo: katika sababu hiyo, na katika siku ilipokwisha.

Sababu ya kwanza ilikuwa mifugo. Nyanza ya Kusini ilikuwa nchi ya malisho mazuri, na nchi ya malisho mazuri huvuta wavamizi. Ng'ombe walilazwa katikati ya boma, nyumba zikawazunguka, ukuta ukazizunguka nyumba. Hata hivyo maisha ya ndani hayakuwa ya hofu tupu. Kwenye mwamba kumechongwa vishimo vya ajua, bao la Waluo, na kwa wingi wa vishimo hivyo mtu anaweza kuona jioni ndefu za wazee wakihesabu kete. Kuna mawe ya kusagia nafaka. Nje ya Kochieng kuna mahali wahunzi walipofanyia kazi ya chuma. Uchimbaji umetoa mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, kuku, samaki, kiboko na kongoni. Umetoa pia shanga za kioo. Shanga hizo hazikutengenezwa Nyanza. Zilipita mkono hadi mkono katika biashara ya masafa marefu, na watu waliofungia mifugo yao nyuma ya mawe walikuwa wanaufikia ulimwengu wa mbali bila wao wenyewe kusafiri.

Nani aliyejenga? Ushahidi unaelekeza kwa jamii zaidi ya moja. Wasemaji wa lugha za Kibantu walikuwepo kabla ya Waluo kuenea upande wa kusini wa Ghuba ya Winam, na waliokuja baadaye waliyakuta maboma, wakayakarabati, wakaongeza yao. Mtafiti Lofgren aliandika kuhusu makazi haya ya mawe mwaka 1967, na mwanaakiolojia Isaya Onjala ameyachunguza kwa miaka mingi. Orodha iliyopatikana inashangaza: maboma zaidi ya 500 katika maeneo zaidi ya 130 ya Nyanza ya Kusini. Thimlich ni kubwa na limehifadhika vizuri kuliko mengine, lakini halikuwa peke yake hata kidogo. Kaskazini mwa ghuba, huko Siaya, ambako mawe si mengi, watu walijizungushia tuta la udongo na handaki. Magharibi zaidi, nchini Uganda, mahandaki ya Bigo bya Mugenyi yanaenda zaidi ya kilomita 10. Kanda nzima ya ziwa ilikuwa ikilijibu swali moja, la kulinda watu na mifugo, kwa kutumia kile ardhi ilichotoa.

Na watu hawakuanza kuishi kando ya ziwa karne ya 16. Mwaka 1948 yalichapishwa maelezo ya wanaakiolojia Mary Leakey na Louis Leakey, pamoja na kasisi wa Kianglikana Walter Edwin Owen, kuhusu vyungu vya kale vya Nyanza ya Kati vyenye kibonyeo kitakoni, kana kwamba mfinyanzi alibonyeza kidole kabla udongo haujakauka. Vyungu hivyo vikaja kuitwa Urewe, kwa jina la mahali huko Siaya. Wafinyanzi wake walilima na kuyeyusha chuma kandokando ya ziwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na vyungu vya aina hiyo vimeonekana Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kagera nchini Tanzania. Kisha mtindo ukakoma. Vikaja vyungu vinavyopambwa kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Ukiangalia chungu peke yake utasema watu wa Urewe waliangamia. Ukiangalia ardhi utaona kilimo, chuma na uvuvi vinaendelea palepale.

Kuna hasara ya kweli pia, na ni haki kuitaja. Kwenye kisiwa cha Mfangano, huko Kwitone na Mawanga, miamba ina michoro ya duara ndani ya duara, myekundu na myeupe, inayohusishwa na Wabatwa waliowinda na kukusanya chakula kabla ya wakulima na wafugaji kuwazidi. Hakuna anayechora hivyo tena, na lugha ya wachoraji haisikiki popote ziwani. Wasuba, waliofika visiwani wakitoka upande wa Uganda, wameona lugha yao ikimezwa na Dholuo kizazi baada ya kizazi, hata wengi wa wanaojiita Wasuba leo hawaisemi. Hapo kitu kimekatika, na neno kuhama halitoshi kukielezea.

Tofauti kati ya kukatika na kuhama inaonekana vizuri zaidi katika mila ya boma la Kiluo. Mwana akishakuwa na familia hatakiwi kubaki milele katika boma la baba yake. Siku hufika anaondoka na jogoo, shoka na moto, pamoja na baba na mwanawe wa kwanza, kwenda kuanzisha dala yake, yaani boma lake mwenyewe. Boma la zamani, wazee wakishazikwa humo, huachwa. Mahali hapo huitwa gunda. Samadi ya miaka mingi huifanya ardhi yake kuwa na rutuba, makaburi huifanya kuwa ushahidi, na ukoo unaogombania shamba huonyesha gunda la babu kama hoja yake ya kwanza. Vile viambo vya Siaya vyenye handaki vinaitwa gunda bur. Profesa Bethwell Ogot, aliyekusanya simulizi za Waluo na kuandika historia yao, alionyesha jinsi koo zilivyotawanyika kutoka Got Ramogi, Yimbo, na kusambaa kwa hatua, kila hatua ikiacha mahame nyuma yake. Katika nchi ya namna hii idadi kubwa ya viambo vitupu ni alama ya watu wanaoongezeka.

Kwa nini basi hatimaye ohinga ziliachwa zote, pasiwe na aliyehamia katika zile za jirani?

Mambo kadhaa yalifuatana haraka. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe kote Afrika Mashariki, na ukuta wa kulinda ng'ombe hauna kazi kubwa zizi likiwa tupu. Utawala wa Uingereza ukaingia na kukomesha uvamizi wa mifugo kwa nguvu za bunduki. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ilifika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence na ambapo leo ni Kisumu. Kodi ya kibanda ikadai fedha taslimu, na fedha taslimu ilikuwa kwenye mashamba ya walowezi, kwenye reli na bandarini Mombasa. Vita vya 1914 hadi 1918 vikawachukua vijana wa Nyanza kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi, na wengi hawakurudi. Mikono iliyokuwa ikirudisha mawe ukutani ilikuwa imepelekwa mahali pengine.

Pigo la mwisho halikuwa na kishindo. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliweka msingi wa kupima mashamba na kuyaandikisha kwa jina la mtu mmoja mmoja. Ardhi ikishakuwa na hatimiliki, mwana hawezi kuchukua jogoo na shoka akaanzishe boma palipo wazi, kwa sababu hapana palipo wazi. UNESCO inaukadiria mwisho wa utamaduni wa ohinga katikati ya karne ya 20, na tarehe hiyo haikutokea kwa bahati. Kilichokwisha wakati huo kilikuwa uhuru wa kuhama, na kuta zikafuata.

Mifano ya mbali inaunga mkono usomaji huu. Great Zimbabwe, yenye ukuta wa mawe makavu unaofika mita 11, iliachwa karne ya 15, lakini Washona hawakutoweka: mamlaka yalihamia Khami na katika dola ya Mutapa. Miji mikubwa ya Wamaya ya nyanda za kusini iliachwa karne ya 9, na leo mamilioni ya watu wa Guatemala na Meksiko wanazungumza lugha za Kimaya. Watalii husimama mbele ya piramidi na kuuliza Wamaya walikwenda wapi, huku Mmaya akiwauzia maji ya kunywa.

Huko Kisumu, Makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1980 yana boma kamili la Kiluo liitwalo Ber-gi-dala. Mgeni anayelitembelea baada ya kuiona Thimlich atatambua mpangilio: ua unaozunguka, lango moja kuu, nyumba ya mke wa kwanza ikitazama lango, za wake wengine kulia na kushoto, na simba, yaani nyumba za wavulana, karibu na lango, mahali ambapo adui angefikia kwanza. Mawe yameondoka, ua wa mimea umechukua nafasi yake, na akili ya mpango imebaki.

Thimlich yenyewe inalindwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na ukarabati wake hufanywa kwa ufundi uleule wa kupanga mawe bila saruji, wenyeji wakishiriki. Wasiwasi uko kwa mamia ya maboma mengine. Hayo yamo ndani ya mashamba ya watu, na mawe yaliyokwisha kuokotwa na kupangwa ni rahisi mno kubebwa yakawa msingi wa nyumba au ua wa ng'ombe. Mkulima anayefanya hivyo hana kosa la kulaumiwa ikiwa hakuna aliyemweleza ana nini shambani. Kaunti za Migori na Homa Bay zinahitaji kuyapima maboma hayo moja moja, kuyaingiza katika ramani za ardhi, na kuwalipa wazee wanaoujua ufundi huo wawafundishe vijana, wazee wenyewe wakiwa bado wana nguvu ya kuinua jiwe.