Dagaa, Fimbo au Kambi: Gharama ya Kumfundisha Mbwa na Paka wa Nyumbani

Mtoto wa mbwa akifika nyumbani, Dar es Salaam au Nairobi, washauri hawakosekani. Jirani atasema afungwe mnyororo mchana ili usiku awe mkali. Fundi aliyekuja kutengeneza geti atasema mbwa bila fimbo hasikii. Mjomba anamfahamu mtu anayechukua mbwa kwa mwezi mzima na kuwarudisha "wamenyooka". Na kwenye simu kuna tangazo la kola inayopiga shoti kwa rimoti. Kila mmoja ana hoja yake, ila hakuna anayekutajia gharama yote mpaka mwisho. Bei za shilingi ya Tanzania nitakazozitumia hapa ni za mfano, za kupigia hesabu tu. Kama soko lako lina bei nyingine, weka ya kwako.

Tuanze na njia ya tuzo, kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa zaidi. Mnyama akifanya unalolitaka anapata kitu anachokipenda, papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili. Akifanya usilolitaka, hapati kitu. Mbwa anayekurukia ukiingia getini, unasimama kimya na kutazama pembeni. Miguu yote minne ikigusa chini, anapata chake. Siku za mwanzo ataruka zaidi kuliko zamani, maana anajaribu kwa nguvu kilichokuwa kikimletea faida. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwenye fimbo, na hapo ndipo hasa njia inapoanza kufanya kazi.

Anayedhani haya ni mambo ya Ulaya aende Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya hachapwi. Akipatia husikia mlio mdogo, "tik", kisha hupewa ndizi au karanga. Mafunzo huchukua miezi tisa hivi. Magawa, aliyefundishwa huko na kupelekwa kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, panya wa kwanza kuipata. Ikiwa watu wanakanyaga ardhi kwa kuamini pua ya panya aliyelipwa ndizi, sioni kwa nini mbwa wa Tabata ashindwe kuketi geti linapofunguliwa.

Sasa hesabu. Mafunzo mazuri ni mafupi: dakika tano, mara tatu kwa siku, kabla hajashiba. Kila kipindi kina tuzo kama kumi na mbili, kwa hiyo ni 36 kwa siku. Tuzo iwe ndogo, nusu gramu inatosha, kwani mbwa hapimi uzito bali anahesabu mara ngapi amepata. Hiyo ni gramu 18 kwa siku, gramu 540 kwa mwezi. Kilo ya dagaa ikiwa shilingi 12,000, mwezi mzima wa mafunzo unagharimu chini ya shilingi 6,500. Ukitumia yai la kuchemsha lililokatwa vipande vidogo, moja linatosha siku nzima kwa mbwa mkubwa. Kwa yai la shilingi 400, mwezi ni 12,000. Biskuti za mbwa zilizoagizwa kutoka nje ndizo ghali: pakiti ya gramu 200 kwa shilingi 15,000 maana yake kila gramu ni shilingi 75, wakati gramu ya dagaa ni 12. Na mara nyingi biskuti yenyewe ni kubwa mno, itabidi uivunje.

Dagaa wasiwe wa chumvi. Wa kuanikwa mchangani waoshwe na kukaushwa tena. Tuzo zote kwa siku zisizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake, na chakula kipunguzwe kwa kiasi hicho, la sivyo utapata mbwa mtiifu aliyenenepa. Mbwa asipewe kitunguu, kitunguu saumu, chokoleti, zabibu, wala mifupa ya kuku iliyopikwa.

Kidude cha kutoa mlio wa "tik", kama ule wa panya wa Morogoro, huuzwa madukani na mitandaoni, lakini si cha lazima. Kalamu ya kubonyeza inafanya kazi ileile. Hata neno "safi" linatosha, mradi usilitumie ovyo na kila ukilitamka kifuate kitu mdomoni. Kwa nyumba za Kiislamu, ambako mbwa yupo kwa ulinzi na watu hawataki mate yake mkononi, tuzo hutupwa chini au huwekwa kwenye kibakuli chake. Somo halipungui kitu. Mbwa wengine hujifunza haraka zaidi kwa kuwa hawaparamii mkono.

Fimbo haina bei, na ndiyo sababu inachaguliwa. Gharama yake huja baadaye. Mbwa anayechapwa kila akinguruma hujifunza kutonguruma. Hasira na woga vinabaki, onyo ndilo linalotoweka. Siku moja anauma bila dalili. Aliyeumwa anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa kwa dozi kadhaa, kwa siku zilizopangwa, pamoja na nauli za kwenda na kurudi hospitali, na kimila bili hiyo ni ya mwenye mbwa. Mtoto wa jirani akiumwa usoni, hesabu za dagaa zinakuwa kichekesho. Mnyororo wa kutwa nzima nao uko palepale: unamfanya mbwa awe mwoga wa kila kitu kinachosogea, na mwoga hachagui kati ya mwizi na shangazi. Kisheria pia umejiweka pabaya: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360.

Watafiti wa Ureno walilipima jambo hili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kwenye jarida la PLOS ONE, walifuatilia mbwa 92 kutoka shule za mafunzo, za tuzo na za adhabu. Mbwa wa shule za adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na homoni ya msongo kwenye mate yao ilipanda zaidi baada ya somo.

Kola ya umeme ndiyo bidhaa ninayoipinga bila kuzungukazunguka, na sababu yangu ya kwanza ni ya mnunuzi. Mwaka huohuo wa 2020, Chuo Kikuu cha Lincoln cha Uingereza kilitoa matokeo ya mbwa 63 waliofundishwa kuitika wakiitwa. Waliotumia kola hizo kwa upande mmoja walikuwa wakufunzi waliopendekezwa na watengenezaji wenyewe, yaani waliozijua vizuri kuliko mimi na wewe. Mbwa waliofundishwa kwa tuzo walifanya vizuri zaidi, na kola haikuonyesha faida yoyote ya ziada. Wales ilikwisha kupiga marufuku kola hizi tangu mwaka 2010. Kulipa zaidi upate kidogo, tena kwa kumuumiza mnyama: hiyo si bei, ni hasara. Fedha hiyo nunua mkanda wa kifuani, ule unaozunguka mbavu badala ya shingo. Mbwa anayevuta kamba hajinyongi.

Tunafika kambini. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, hata kwa watu makini. Tuseme mkufunzi anayekuja nyumbani anatoza 40,000 kwa kipindi; vipindi vinne ni 160,000. Kambi inayomchukua mbwa kwa mwezi tuseme ni 500,000, chakula ndani. Mwenye shughuli nyingi huona kambi ni nafuu ya akili: mbwa anaondoka mkorofi, anarudi na adabu. Tatizo ni kwamba adabu hiyo ameifunga kwa mwalimu wake, uwanja wake na sauti yake. Nyumbani anakuta watu walewale wanaomrushia mfupa akibweka, na baada ya wiki chache amerudi alikotoka. Aliyehitaji somo zaidi ni familia, na familia haikwenda kambini.

Tena tuseme ukweli kuhusu nyumba zetu: anayemlisha na kumfungulia mbwa ni mlinzi au dada wa kazi. Baba mwenye nyumba anaweza kulipa kozi nzima na mbwa akaendelea kumsikiliza mlinzi peke yake. Vipindi vya nyumbani vipangwe saa ambayo mlinzi yupo zamu, na watoto wawepo. Maneno ya amri yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa jikoni, ili mmoja asiseme "kaa", mwingine "keti" na wa tatu "sit". Mlinzi akiacha kazi, karatasi inabaki.

Kabla ya kumlipa mkufunzi yeyote muulize: mbwa akikosea unafanya nini? Akipatia anapata nini? Naweza kukaa nitazame somo zima? Asiyetaka utazame, muage. Anayeahidi mbwa "atanyooka" kwa wiki moja, muage. Na anayesema lazima umtawale mbwa kama dume kuu la mbwa mwitu anafundisha jambo lililopitwa na wakati: David Mech, mtaalamu Mmarekani aliyeisambaza dhana hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1970, aliirekebisha mwenyewe mwaka 1999, akieleza kuwa kundi la mbwa mwitu porini kwa kawaida ni wazazi na watoto wao.

Paka ni rahisi zaidi kwa mfuko, na watu wa pwani hawahitaji kushawishiwa kumpenda. Anayekwaruza sofa anatafuta pa kunolea kucha, hana kisasi na wewe. Gogo la kukwaruzia linalouzwa madukani limezungushiwa kamba ya katani, zao ambalo Tanga imelilima tangu enzi za Wajerumani. Nunua kamba hiyo duka la vifaa vya ujenzi, izungushe kwa kukaza kwenye kipande cha mti kirefu kuliko paka akijinyoosha, kiwe imara kisiyumbe, kisha kiweke karibu na sofa lenyewe. Akikwaruza hapo, dagaa mmoja. Kumrushia maji kunamfundisha tu kusubiri utoke.

Mchanga wa choo wa paketi unaganda na kuficha harufu, lakini ni ghali. Mchanga wa ujenzi uliochekechwa unafaa, sharti uchotwe uchafu kila siku na kubadilishwa wote mara kwa mara. Mjamzito asifanye kazi hiyo. Kanuni ya masanduku ni moja kwa kila paka na moja la akiba. Paka aliyekuwa msafi akianza kukojoa ovyo, apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo, na dume anayejikamua bila mkojo kutoka apelekwe leo, asisubiri kesho. Kuhasi dume hupunguza sana tabia ya kurusha mkojo ukutani, na hulipwa mara moja tu.

Kwa mwenye 200,000 na mbwa mpya, ningezigawa hivi: chanjo ya kichaa cha mbwa kwanza, mkanda wa kifuani, vipindi viwili vya mkufunzi mbele ya mlinzi na watoto, na kilo moja ya dagaa. Vipindi zaidi nunua baada ya mwezi, ukiwa na tatizo unaloweza kulitaja. Kambi iache, isipokuwa inakupokea wewe pamoja na mbwa. Na mbwa aliyekwisha kuuma mtu, usimjaribie dagaa peke yako: anza kwa daktari wa mifugo, kwani maumivu ya sikio au jino huweza kumfanya mbwa mpole aume.