Kwa nini kifaduro hakifutiki kama ndui

Mtoto wa miezi miwili akipata kifaduro huenda asikohoe sana. Wakati mwingine huacha tu kupumua kwa sekunde kadhaa, midomo ikabadilika rangi, kisha pumzi ikarudi. Walio wakubwa zaidi ndio wanaokohoa mfululizo: hukohoa hadi hewa inaisha kifuani, wakaivuta kwa mlio mkali, wakatapika, na hali hiyo inaweza kudumu miezi miwili au mitatu.

Tanzania ilianza mpango wa taifa wa chanjo mwaka 1975, na kifaduro kilikuwamo tangu mwanzo. Leo kinga yake imo ndani ya Penta, sindano ya pajani anayochomwa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, pamoja na kinga za dondakoo, pepopunda, homa ya ini na bakteria wa Hib. Ugonjwa umepungua mno. Mbona basi haujafutwa kabisa?

Ndui ilifutwa. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa ushindi. Lakini ndui ilijionyesha usoni, na aliyepona hakuugua tena. Bakteria wa kifaduro nao huishi kwa binadamu peke yake, ila hujificha vizuri. Wiki ya kwanza na ya pili, wakati wa kuambukiza zaidi, dalili zake ni za mafua tu. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 17 wasio na kinga. Tena kinga yenyewe, iwe ya chanjo au ya kuugua, hufifia baada ya miaka kadhaa. Baba au bibi anayekohoa kwa wiki tatu anaweza kupimwa kifua kikuu, akaambiwa hana, akarudi nyumbani kumbeba mtoto.

Kuna pia suala la aina ya chanjo. Miaka ya 1930 huko Michigan, Pearl Kendrick na Grace Eldering walitengeneza chanjo iliyofanya kazi vizuri kwa kutumia bakteria mzima aliyeuawa. Ilileta homa na uvimbe, na hofu ikafuata. Japani, baada ya watoto wawili kufariki muda mfupi baada ya kuchanjwa katika majira ya baridi ya 1974 na 1975, chanjo ilisimamishwa kwa muda na wazazi wengi wakaikwepa. Mwaka 1979 nchi hiyo ikapata wagonjwa zaidi ya 13,000 na vifo 41. Nchi tajiri zikahamia chanjo laini zaidi, yenye vipande tu vya bakteria. Hata hivyo Marekani, mojawapo ya nchi hizo, ikahesabu wagonjwa zaidi ya 48,000 mwaka 2012. Utafiti uliofanywa kwa nyani ulionyesha kwamba waliopewa chanjo hiyo laini hawakuugua, lakini walibeba bakteria na kuwaambukiza wenzao. Penta inayotumika Tanzania ni ya aina ile ya zamani. Homa ya usiku mmoja, ambayo kina mama huilalamikia, ni gharama ndogo.

Kwa kata kama Nyangamara, mkoani Lindi, tatizo lenyewe ni tarehe. Msimu wa kilimo familia nyingi za mkoa huu huhamia mashambani, mbali na zahanati, na sindano ya wiki ya 6 ikasubiri hadi ya 12. Huduma ya mkoba huwafuata huko, lakini chanjo yenyewe huharibika kwa urahisi: yapaswa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na Penta ikigusana na barafu hadi ikaganda, imeharibika hata kama chupa inaonekana nzima.

Wiki sita za mwanzo ndizo hatari kuliko zote. Uingereza imekuwa ikiwachanja wajawazito dhidi ya kifaduro tangu Oktoba 2012, ili mtoto azaliwe na kinga ya mama. Sindano ya kawaida ya wajawazito Tanzania hukinga pepopunda na dondakoo tu. Kuongeza kinga ya kifaduro humo kungeokoa vichanga zaidi kuliko ndoto ya kukifuta duniani.

Kwa sasa, mwenye mtoto mchanga aangalie tarehe kwenye kadi ya kliniki kabla ya kufunga mizigo ya shamba, na yeyote anayekohoa nyumbani, hata kama ni bibi mwenyewe, asimbebe mtoto hadi aonwe na mganga.